Gus Risman: Mkongwe Aliyeubeba Mji wa Workington

Wahenga walisema utu uzima dawa. Kila niisikiapo methali hiyo, mimi humkumbuka mwanamichezo mmoja ambaye hapa kwetu jina lake halitajwi sana, hayati Gus Risman.

Wengi wetu tunaijua raga ya wachezaji 15, na ile ya wachezaji saba. Risman alicheza ile ya watu 13, mchezo wa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda wa kaskazini mwa Uingereza, ambao wachezaji wake walilipwa. Siku hizo, aliyepokea malipo hayo alifungiwa mlango wa raga ya watu 15 maisha yake yote.

Risman alizaliwa mwaka 1911 mjini Cardiff, Wales, akiwa mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia. Alilelewa Tiger Bay, mtaa wa bandarini uliojaa mabaharia wa kila taifa. Mwaka 1929, angali kijana wa miaka 17, aliiaga Wales akajiunga na klabu ya Salford, karibu na Manchester.

Huko ndiko alikojulikana kuwa mtu wa kila kazi. Alicheza katikati, akacheza pembeni, akacheza kiungo, na hata ulinzi wa nyuma kabisa. Juu ya hayo, mguu wake ndio uliotegemewa kupiga mikwaju. Salford ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1933, 1937 na 1939, na mwaka 1938 Risman aliiongoza kama nahodha kunyakua Kombe la Challenge uwanjani Wembley.

Kisha vita vikaja vikala miaka yake mizuri. Lakini katika vita hivyo marufuku ililegezwa kwa wanajeshi, naye akapata kuivalia Wales jezi ya raga ya watu 15. Amani iliporudi, mlango ukafungwa tena.

Mwaka 1946, akiwa na miaka 35, aliongoza timu ya Uingereza hadi Australia. Walisafiri kwa manowari ya kubeba ndege, Indomitable. Walitoka sare mchuano wa kwanza dhidi ya Australia, wakashinda miwili iliyofuata.

Watu wengi wangestaafu hapo. Yeye alikwenda Workington, mji wa makaa na chuma, kuwa mchezaji na mkufunzi wa klabu iliyoundwa mwaka mmoja tu nyuma. Naona huko ndiko alikoweka jina lake rehani, kwani lau angeshindwa, watu wangemkumbuka kama mzee asiyejua wakati wa kuondoka. Hakushindwa. Workington ilikuwa bingwa mwaka 1951, na mwaka 1952 ikailaza Featherstone Rovers 18-10 uwanjani Wembley. Nahodha Risman alikuwa na miaka 41.

Alitundika viatu mwaka 1954, baada ya mechi 873 na pointi zaidi ya 4,000. Mwanawe, Bev, naye aliichezea Uingereza. Mzee alifariki mwaka 1994.

Mwaka 2015 sanamu yake na wenzake wanne ilisimamishwa Wembley. Mwaka 2023 Cardiff nayo ikamsimamishia yake, pamoja na Billy Boston na Clive Sullivan, wana wengine wa mji huo waliokwenda kutafuta riziki kaskazini. Kijana wa Tiger Bay alikuwa amerejea nyumbani.