Mathias Mnyampala, Mwalimu wa Ngonjera

Ni wachache miongoni mwetu waliomaliza shule bila kupata hata mara moja kusimama mstarini, mikono imenyooka, wakighani ngonjera mbele ya mgeni rasmi na wazazi. Wengi bado tunakumbuka beti tulizofundishwa. Lakini ukituuliza ni nani aliyeuanzisha mchezo huo wa kujibizana kwa mashairi, aghalabu tunanyamaza. Ndiyo maana nimeona inafaa, katika toleo hili la mkutano wetu, niwaeleze habari za mtu huyo.

Hayati Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Muntundya, Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya reli ya kati, reli hii hii ipitayo Kilosa. Alikuwa Mgogo, naye hakuzaliwa pwani, mahali ambapo watu wa zamani walidhani ndipo pekee panapoweza kutoka mshairi wa Kiswahili. Alianza kazi kwa ualimu. Baadaye aliingia katika utumishi wa serikali, akawa karani, kisha liwali na hakimu. Pamoja na shughuli hizo zote hakuacha kuandika. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala.

Washairi wa wakati ule walikuwa na desturi ya kulumbana magazetini. Mmoja hutoa hoja, mwingine humjibu kwa vina na mizani ile ile, na wasomaji hufuatilia wiki hadi wiki. Lakini malumbano hayo yalikuwa ya wale waliojua kusoma na waliofikiwa na gazeti. Mnyampala aliyatoa katika karatasi akayaleta uwanjani. Katika ngonjera, upande mmoja huuliza au hukataa, upande wa pili hueleza, na mwishowe pande zote hupatana. Wasemaji hukariri beti zao na kuzitoa kwa sauti na ishara mbele ya watu. Kazi ya hakimu ni kusikiliza pande mbili kabla ya kutoa hukumu, na ngonjera nayo imejengwa hivyo.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika shule za sekondari za enzi za ukoloni, tamthilia zilizoigizwa aghalabu zilikuwa za Kiingereza, za Shakespeare na wenziwe. Mkulima wa Tindiga angealikwa kuzitazama, asingeambulia kitu. Ngonjera haikuhitaji jukwaa, pazia wala mavazi ya kukodi. Kivuli cha mwembe kilitosha, na lugha ilikuwa ya wote.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi wa Machi, serikali ilihitaji watu wa kuyaeleza mambo hayo vijijini. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waifanye kazi hiyo. Mnyampala, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha washairi, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliitikia kwa moyo wote kwa kutunga ngonjera. Ualimu alioanza nao ujana wake ulimrudia kwa namna nyingine, na darasa lake sasa likawa taifa zima.

Lakini hakuishi kuyaona matunda. Alifariki dunia Juni 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Ngonjera zilipoenea mashuleni na katika mikutano ya hadhara, yeye alikwisha kuwa kaburini. Maelezo ya maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, yalichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.

Wapo wataalamu wa sanaa za maonyesho waliozilaumu ngonjera. Walisema ni hotuba za siasa zilizovikwa vina, na kwamba watoto husimama kama miti wakitamka maneno wasiyoyaelewa. Lawama hiyo ina ukweli, wala haifai kufichwa. Ngonjera nyingi zilimfanya mwenye kupinga kuwa mjinga tu, asiye na hoja, akubali ubeti wa tatu ili watu wapige makofi. Hata hivyo mimi naona kosa si la umbo lenyewe. Umbo alilotuachia Mnyampala lina sauti mbili. Tukiinyima sauti ya pili haki yake, kosa ni letu sisi watungaji.

Hapa Kilosa jambo hili si mchezo. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sisemi kwamba mashairi yangeuzuia msiba ule. Nasema kwamba wilaya iliyopatwa na jambo kama hilo inajua gharama ya pande mbili kutosikilizana.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlioko shuleni sasa, mtakapotunga ngonjera ya mahafali, msiridhike na kumsifu mgeni rasmi. Mtungeni mkulima ambaye shamba lake limeliwa, na mfugaji ambaye ng'ombe wake hawana maji, na kila mmoja mpeni hoja zake za kweli, zile nzito kabisa. Kisha badilishaneni nafasi, mtoto wa mkulima aghani ubeti wa mfugaji, na mtoto wa mfugaji aghani wa mkulima. Nasi wakubwa tutakaokuwa tumekaa kwenye viti vya mbele, tusikilize mpaka ubeti wa mwisho.