Ian Donald: Mganga wa Jeshi la Anga na Pumzi ya Mtoto Mchanga

Katika hospitali kubwa za siku hizi, askari anayekwenda kumtazama mwanawe aliyezaliwa kabla ya wakati huenda akamkuta daktari akimpitishia mtoto kifaa kidogo kifuani, na picha ya mapafu ikionekana katika kioo. Picha hiyo haitokani na eksirei, bali na mwangwi wa sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu. Leo tunawasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyehangaikia kwanza pumzi ya watoto wachanga, kisha mwangwi huo.

Ian Donald alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwezi Desemba 1910, katika ukoo wa madaktari. Alisoma Scotland na Afrika Kusini, akahitimu udaktari London mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1942 akiwa mganga. Siku moja ndege ya kivita iliwaka moto, na mabomu yangali ndani yake. Donald aliingia katika ndege hiyo kuwaokoa wanahewa waliojeruhiwa, na mwaka 1946 akatunukiwa nishani ya MBE kwa ushujaa. Jeshini alijifunza pia jinsi mawimbi yanayotumwa na kurudi yanavyofichua ndege mawinguni na nyambizi baharini.

Vita vilipokwisha alirejea kwenye kazi ya uzazi. Wakati huo watoto wengi waliozaliwa mapema walikufa kwa sababu mapafu yao yalikuwa hayajakomaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Hospitali ya Hammersmith, London, yeye na wenzake waliunda mashine iliyongoja mtoto aanze mwenyewe kuvuta pumzi, ndipo imsaidie.

Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa Profesa wa Ukunga, Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alikwenda katika kiwanda cha boila huko Renfrew, akiwa amechukua vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa. Kiwandani palikuwa na chombo cha kugundua nyufa ndani ya vyuma kwa mwangwi. Kilipojaribiwa, kilipambanua uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Akisaidiwa na mhandisi kijana, Tom Brown, na daktari John MacVicar, alikigeuza chombo hicho kuwa cha tiba. Mwanamke mmoja aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alionekana kuwa na kifuko cha maji tu. Akapasuliwa na kupona. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1958, na baadaye kina mama wajawazito duniani kote wakanufaika.

Hata hivyo mapafu yaliachwa kando, kwa kuwa hewa huzuia mawimbi hayo kupita. Donald alifariki mwezi Juni 1987, kabla kipimo hiki hakijaenea katika wodi za watoto wachanga. Waliomfuata waligundua kwamba kizuizi chenyewe chatoa habari: pafu lenye hewa huonyesha mistari ya kulala, lenye majimaji huonyesha michirizi myeupe ya kusimama, lisilo na hewa huonekana zito kama ini. Daktari hukagua sehemu za kifua, kila moja akiipa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla yake, pamoja na hali ya mtoto, humsaidia kuamua kama aongeze msukumo wa hewa, aupunguze, au atie mapafuni dawa ya kuzuia vifuko vya hewa visisinyae. Tena mtoto hapigwi mionzi.

Lakini chombo hiki hakimfai mtoto aliyecheleweshwa nyumbani. Ndugu askari, mtoto mchanga anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayeguna kila atoapo pumzi, au ambaye kifua chake chabonyea ndani, apelekwe hospitali mara moja. Donald hakungoja mabomu yapoe. Nasi tusingoje kuche.