Seremala wa Billund na bata waliopakwa mara mbili

Semista iliyopita nilikuwa nafundisha tuisheni kwa mtoto mmoja wa darasa la pili, ili angalau bumu lifike mwisho wa mwezi. Siku moja tulimaliza hesabu mapema, dogo akamwaga sakafuni boksi lake la matofali ya plastiki ya Lego. Mengine mapya, ameletewa na shangazi yake. Mengine yamepauka, ameyarithi kwa binamu ambaye siku hizi ana ndevu kuliko mimi. Nikachukua moja kuukuu nikalibana juu ya jipya, likanasa kama yametoka kiwandani siku moja.

Mimi nasoma uhandisi wa ujenzi, kwa hiyo nilishangaa kuliko mtoto. Usiku ule nikaanza kumsoma aliyeanzisha kitu hiki. Nilitegemea kukutana na bingwa wa maabara, nikamkuta fundi seremala aliyefulia. Na kwa sababu baba yangu naye ni seremala, sikulala mapema.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa mwaka 1891 huko Jutland, Denmark, kwenye familia maskini yenye watoto wengi. Useremala alifundishwa na kaka yake, akaenda kutafuta kazi Ujerumani na Norway, na Norway ndiko alikompata mkewe, Kirstine. Mwaka 1916 akanunua karakana katika kijiji cha Billund. Msiichukulie Billund ya sasa yenye uwanja wa ndege. Wakati ule ilikuwa ni nyumba chache na mashamba, na wateja wake walikuwa wakulima waliohitaji milango, madirisha na makabati.

Mwaka 1924 watoto wake wawili wadogo waliwasha moto karakanani, maranda yakashika, karakana na nyumba vyote vikateketea. Akajenga upya, kubwa zaidi, kwa deni. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa 1929. Mkulima ambaye mazao yake hayana bei hatengenezi dirisha. Oda zikakauka, mafundi wakapunguzwa, na mwaka 1932 Kirstine akafariki, akamwachia wavulana wanne.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza midoli. Vitabu vya hamasa vinavyouzwa pale getini vingesema aliona fursa. Mimi nasoma tofauti: alikuwa na mbao ndogondogo, mikono yenye ujuzi, na hakuna aliyetaka kabati. Akatengeneza ngazi, mbao za kupigia pasi, na magari na wanyama wa kuchezea. Ndugu zake walimwekea dhamana ya mkopo, ila hawakuona kwa nini mtu mzima mwenye fani yake ashinde anachonga vigari.

Kuna kisa cha yoyo ambacho nakipenda sana. Mtindo wa yoyo uliingia Denmark, kila mtoto akataka, Ole Kirk akatengeneza nyingi. Ghafla watoto wakazichoka, akabaki na mzigo. Akazikata katikati, zikawa magurudumu ya malori ya mbao. Aliyekulia kwetu na gari la waya lenye matairi ya malapa hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1934 aliwashindanisha wafanyakazi wake kutafuta jina la kampuni, zawadi chupa ya mvinyo wa kutengeneza nyumbani. Likapita jina alilolibuni mwenyewe, Lego, kutoka maneno ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Kwa hiyo na mvinyo akabaki nao.

Sasa bata. Siyo kula bata tunakokujua sisi wiki ya bumu. Ni bata wa mbao wa kukokota kwa kamba, bidhaa iliyowatoa kidogo. Walipakwa vanishi mara tatu. Siku moja mwanawe Godtfred alirudi kutoka kituo cha treni amechangamka, akamweleza baba yake kwamba ameokoa hela: ile shehena ameipaka mara mbili tu. Mzee hakucheka. Alimrudisha kituoni akatoe maboksi, awafungue bata wote, awapake mara ya tatu, awafunge tena na kuwarudisha, peke yake, hata kama kazi itakwenda usiku kucha.

Nilipofika hapo nilifunga simu kwanza.

Mwaka niliotakiwa kulipa ada ya kidato cha tano, baba alikuwa na oda ya meza na stuli nne. Zilikuwa zimekamilika kwa macho yangu. Yeye akazigeuza miguu juu akaanza kupiga msasa upande wa chini, ule usioonekana na mtu, siku mbili nzima. Mteja akachoka kusubiri, akaenda kununua za dukani. Nilichelewa shule wiki tatu, na nilimwambia mama mambo ambayo baba aliyasikia. Hatukuwahi kuyazungumza tena.

Ole Kirk naye hakulipwa haraka kwa ule ubishi wake. Mwaka 1942 kiwanda kiliungua tena, michoro na mifano ya midoli ikaenda na moto. Akajenga. Baada ya vita akanunua kwa bei kali mashine ya kumimina plastiki kwenye kalibu, wakati wengi wakiamini kuwa mdoli wa maana ni wa mbao. Mwaka 1949 wakaanza kuuza matofali ya plastiki, na hapa tuwe wakweli: wazo la tofali lile walilichukua kwa Mwingereza, Hilary Page, aliyewahi kuyatengeneza kabla yao. Isitoshe, yalikuwa na tundu tupu chini, hayakushikana sawasawa. Ukijenga ukuta, unainama. Maduka yalirudisha mzigo.

Dawa aliipata Godtfred, kijana yuleyule wa bata. Waliweka vibomba ndani ya tofali, vinundu vya tofali la chini vikabanwa kila upande. Hati ya kulinda ubunifu huo iliombwa tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka ule linanasa kwenye la leo, maana vipimo vya kalibu havijaruhusiwa kupotoka. Kwa mtu wa uhandisi, hiyo ndiyo habari yenyewe. Ole Kirk alifariki tarehe 11 Machi mwaka huohuo, wiki sita baadaye, bila kuona litafika wapi. Mwaka 1960 ghala la midoli ya mbao likaungua, na kampuni ikaachana na mbao.

Jumapili nilimpigia baba. Nilizunguka kwanza, nikauliza mvua, nikauliza mahindi, ndipo nikamuuliza kwa nini zile stuli alizipiga msasa chini. Alikaa kimya kidogo, akasema yule mteja alikuwa na watoto wadogo, na watoto wadogo hucheza chini ya meza, mikono yao hupita hukohuko. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.