Gilles de la Tourette: Aliueleza ugonjwa, dawa ikaja yeye hayupo

Bila shaka uliwahi kusoma na mtoto ambaye macho yalimpepesa ovyo, shingo ikamruka ghafla, au akaguna katikati ya somo. Iwe ni Kosele kule Homa Bay au Kayole hapa Nairobi, mtoto kama huyo huchekwa, huigizwa, na pengine hucharazwa akidhaniwa mtundu. Basi mfahamu jamaa aliyeonyesha kwamba huo ni ugonjwa.

Georges Gilles de la Tourette alizaliwa Ufaransa mwaka 1857. Akasomea udaktari, akaingia hospitali ya Salpêtrière jijini Paris chini ya bingwa wa magonjwa ya neva, Jean-Martin Charcot. Mwaka 1885, akiwa na miaka 27 tu, alichapisha habari za wagonjwa tisa ambao miili iliwaruka na sauti zikawatoka bila wao kupenda. Mmoja alikuwa mwanamke wa ukoo wa kifahari. Tangu utotoni alihangaika, na matusi yalimponyoka mbele za wageni. (Usidhani kila mwenye hali hii hutukana. Ni wachache mno.) Charcot akaupa ugonjwa jina la mwanafunzi wake.

Sawa, jina lipo. Dawa je? Hakuna. Tourette mwenyewe aliamini hauponi kamwe. Hapo alikosea, kwani wengi hupata nafuu kubwa wanapokaribia utu uzima.

Maisha yake hayakuwa mteremko. Mwaka 1893 mwanamke aliyewahi kutibiwa Salpêtrière alimpiga risasi kichwani. Alipona, lakini baadaye akili ikaanza kuyumba kwa sababu ya kaswende, akafia Uswisi mwaka 1904 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na miaka 46.

Miaka 57 ikapita. Mwaka 1961, huko huko Ufaransa, haloperidoli ikamtuliza mgonjwa wa Tourette. Ni dawa kali: huleta usingizi, hukakamaza misuli, na haiponyi, hupunguza tu. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi huanza na mazoezi ya kumfunza mtoto kuituliza miondoko hiyo. Ikishindikana, huweza kujaribu klonidini, inayojulikana zaidi kama dawa ya presha. Mtoto asiyesumbuka hapewi kidonge chochote. Wazazi na mwalimu wake huelezwa tu kinachoendelea.