Munganga Haldane, mutu aliyenusa gazi za migodi kwa pua yake

Tarehe 27 Januari 1896, ku Tylorstown, mu inchi ya Wales, mugodi wa makala ya mawe ulilipuka. Watu 57 walikufa, pamoja na farasi wengi waliokuwa wakivuta magari kule chini. Kila mama mwenye bwana ao mutoto chini ya udongo anajua kungojea ku mulango wa shimo iko namna gani, hatuna lazima ya kueleza.

Siku zile watu wengi walifikiri kwamba mugodi ukilipuka, wachimbaji wanakufa sababu ya moto na nguvu ya mulipuko. Lakini kukafika munganga mumoja aliyetumwa na serikali ya Uingereza kutazama maiti. Jina lake John Scott Haldane. Alitazama mumoja mumoja, akatwaa damu yao, akatazama hata farasi. Aliona kwamba wengi hawakuvunjika wala kuungua mpaka kufa. Ngozi yao ilikuwa na rangi nzuri ya wekundu, sawa ya mutu muzima anayelala. Ile rangi Haldane aliijua. Aliijua sababu mwaka mumoja mbele ya pale alikuwa ameiingiza mu damu yake mwenyewe.

Haldane alizaliwa mwaka wa 1860 ku Edinburgh, mu Scotland. Jamaa yake ilikuwa ya watu wakubwa, watu wa feza na masomo. Ndugu yake Richard alikuja kuwa minisita. Yeye John alisoma unganga, akamaliza mu 1884, lakini kazi ya lopitalo haikumuvuta sana. Alipenda kujua habari ya hewa. Ku muji wa Dundee, yeye na wenzake walikuwa wanaingia mu nyumba za watu maskini usiku wa manane, wakati jamaa yote imelala mu chumba kimoja, na kufunga hewa ya mule ndani mu chupa ili waipime. Mu 1887 alienda Oxford kufundisha, na kule alikaa mpaka kufa. Alioa Louisa, wakazaa mutoto mwanaume, John, na mutoto mwanamuke, Naomi. Wote wawili walikuja kujulikana sana, mumoja kwa sayansi, mwingine kwa vitabu.

Sasa turudie ile rangi nyekundu. Mu damu yetu kuko kitu kinachobeba oksijeni, sawa vile gari inabeba mizigo. Inapakia ku mapafu, inashusha ku misuli na ku bongo. Lakini kuko gazi ingine, monoksidi ya kaboni. Inatoka pale moto unawaka bila hewa ya kutosha, na haina rangi, haina harufu. Ile gazi ikipanda mu gari, haishuki vyepesi. Inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni mara zaidi ya 200. Gari zinajaa, oksijeni inakosa fasi. Wasomaji wetu wanaijua tayari: njo gazi ya mbabula. Jamaa inafunga madirisha sababu ya baridi, inaacha makala inawaka mu chumba, asubuhi jirani anavunja mulango.

Haldane hakutaka kuijua kwa kusikia tu. Mu 1895 alikaa ku kiti chake mu laboratwari, akavuta ile gazi pole pole, akiandika kila kitu alichosikia mu mwili, mpaka zaidi ya nusu ya damu yake ilikuwa imeshikwa. Kichwa kilimuuma, macho hayakuona vizuri, miguu haikumutii. Pembeni yake aliweka panya mudogo mu kitundu. Panya alianguka mapema kumupita. Sababu? Kiumbe kidogo kinapoteza joto haraka, kwa hiyo moto wa mwili wake unawaka kwa nguvu zaidi na unakula hewa mingi kuliko wetu. Kile mutu atasikia kisha nusu saa, panya anakisikia kisha dakika kidogo. Njo pale lilitoka shauri lake kwa wachimbaji: muingie na panya ao na ndege mudogo, na ndege akianguka, mutoke. Ndege aliyependwa na wengi ni kanari, sababu akianguka kutoka ku kijiti chake kila mutu anamuona.

Kila mara mugodi ulipolipuka, Haldane alifunga kisanduku chake na kupanda treni. Akisha kutoka mu shimo, alituma telegramu ku nyumba ili bibi yake ajue kwamba yuko muzima. Mara ingine telegramu zilifika mingi zenye neno moja tu, sababu gazi ilikuwa imemuvuruga kichwa, anasahau kwamba ametuma tayari, anatuma tena.

Lakini kuko ulizo moja lililomusumbua. Mwili unajua kujilinda. Ukipanda ngazi, unapumua mbio bila kuamuriwa na mutu. Ukisikia baridi, unatetemeka. Mufaransa Claude Bernard, aliyekufa mu 1878, alikuwa amefundisha kwamba kila mwili uko na hali yake ya ndani, na kwamba kazi yote ya viungo ni kuilinda isibadilike, hata kama inje kuko mvua, jua ao njaa. Haldane alilishika lile fundisho kwa mikono miwili. Sasa, kama mwili unajilinda hivi, mbona mu ile gazi mutu anakufa pole pole bila kuhema, bila kusikia pumuzi inakosa, na wakati mwingine anakaa chini na kulala tu?

Jibu alilipata mu 1905, yeye na mwenzake Priestley. Walitwaa mupira murefu sawa ule wa kumwangia maji mu bustani. Mutu anapuliza kwa nguvu mpaka hewa ya mwisho kabisa, ile ya chini ya mapafu, inabaki ku mulango wa mupira, wanaikamata, wanaipima. Walipima mu laboratwari. Walipanda ku mulima wa Ben Nevis, mita zaidi ya 1300, wakapima. Walishuka mu mugodi wa Dolcoath, ku Cornwall, wakapima tena. Fasi zote nguvu ya gazi karboniki, ile tunayotosha tukipumua, ilibaki karibu ileile. Kwa hesabu yao, ile gazi ikipanda mu mapafu kwa kiasi cha 0,2 tu juu ya 100, mutu anapumua mara mbili ya kawaida yake. Kidogo vile!

Mulinzi wa pumuzi, aliye mu bongo, anahesabu zaidi ile gazi karboniki. Ikiongezeka, anapiga kengele, unahema, gazi inatoka, inashuka, kengele inanyamaza. Oksijeni yenyewe haiangalii sana, mpaka ipunguke kabisa. Njo maana mwizi anapita. Monoksidi ya kaboni haiongezi gazi karboniki, haigusi kengele. Mulinzi yuko macho, lakini ku mulango mwingine. Mutu anajisikia muzima, pengine hata na furaha kidogo sawa mulevi, na wakati anataka kusimama miguu imekwisha kufa. Yule anayeingiza motopompe ya mafuta chini ya shimo na kuiacha inawaka pale watu wanachimba, afikiri juu ya ile kengele isiyolia. Siye tuko na mapafu ileile ya watu wa Tylorstown.

Gazi zote hazikai fasi moja, na ile aliifundisha mutoto wake kwa namna ambayo mama wengi wangekataa. Alimushusha mu mugodi mumoja, akamuambia asimame wima na aseme kwa kichwa maneno ya Shakespeare aliyofunzwa ku masomo. Mutoto akaanza. Hakumaliza, akaanguka. Kule chini ku udongo akafungua macho na kupumua vizuri. Gazi ya makala ya mawe, ile inayolipuka, ni nyepesi, inakaa ku dari. Mutoto hakusahau hata akiwa muzee, na yeye vilevile alikuja kutumia mwili wake kwa majaribio.

Ku Dolcoath, mugodi wa bati, Haldane alikuwa ameitwa tayari mu 1902. Wachimbaji walikuwa wanakosa damu, wanachoka ku ngazi, na watu walishitaki hewa mbaya. Alipima damu yao, akaona hewa haina kosa: ni minyoo ya tumbo, iliyozaliana mule chini sababu ya joto, maji na kukosa vyoo. Alisema vilevile juu ya vumbi ya mawe inayotoka ku mashini za kutoboa, kwamba inakata mapafu na lazima kumwanga maji. Pale aliona sawa. Lakini nyuma alishikilia kwamba vumbi ya makala haina ubaya mukubwa, na pale alikosea. Wachimbaji wengi wa makala walikufa na mapafu meusi. Ni vema kulisema, sababu wakati ule sauti yake ilikuwa nzito, na tangu 1912 aliongoza laboratwari ya migodi iliyolipwa na wenye migodi ya makala ya Doncaster.

Juu ya joto, hakuna aliyeeleza vizuri kumupita. Mwili unataka kubaki ku degre 37 hivi. Mutu akitumika kwa nguvu, moto unazaliwa ndani, na lazima utoke. Njia kubwa ni jasho. Lakini jasho haipoze mutu kwa kutoka tu, inamupoza kwa kukauka. Haldane aliingia mwenyewe mu vyumba vya joto na ku fasi za joto mu migodi, na termometa mbili: moja kavu, ingine imefungwa kitambaa chenye maji. Mu 1905 alionyesha kwamba ile kavu haisemi kitu kikubwa. Mutu anaweza kuvumilia hewa ya moto sana kama ni kavu. Lakini pale termometa ya kitambaa inapita degre 31, na hewa haitembei, joto ya mwili inaanza kupanda hata kama mutu amekaa tu bila kazi. Akishika sururu, kiasi kinashuka chini sana ya pale. Upepo ukipita, anapata nafuu. Basi kuleta hewa inayotembea mpaka pale musimamizi wa mugodi hafiki, ile ndiyo kazi inayolinda wachimbaji, zaidi ya kupima joto ku mulango.

Nyuma ya pale, kisha mwaka wa 1920, kulikuwa wachimbaji wa fasi za chini sana na za moto, ku Lancashire, waliokamatwa na misuli ya miguu na ya tumbo mpaka wanalia. Kijana mumoja muinjinia, Moss, alipima jasho yao: mutu mumoja alipoteza zaidi ya kilo 8 mu zamu moja. Walikuwa wanakunywa maji mingi, na bado wanaumwa. Moss na Haldane walieleza kwamba jasho inaenda na chumvi, na maji matupu yanafanya ile chumvi iliyobaki mu damu ipunguke nguvu zaidi. Waliwapa maji yenye chumvi kidogo. Maumivu yakakwisha. Kitu cha jikoni, feza kidogo, na mutu anarudia kazi.

Alifanya mingine mingi ambayo gazeti haiwezi kubeba. Mu 1908 alitosha hesabu ya namna watu wanaozama chini ya bahari wanaweza kupanda juu pole pole bila kupooza, kisha kujaribu kwa mbuzi. Mu 1911 alikaa na wenzake majuma tano juu ya mulima wa Pikes Peak, ku Colorado, Marekani, mita 4300, wakaona mwili unavyojitengeneza: unapumua zaidi, unaongeza ule wekundu wa damu. Mwanamuke mumoja wa kundi lao, Mabel FitzGerald, alizunguka peke yake mu kambi za wachimbaji za ile milima kupima pumuzi yao. Mu 1915, vita ilipoleta gazi ya klorini, serikali ilimutuma Ufaransa, na pale tena alijifungia na gazi ili ajue kinga gani inafaa.

Akiwa na miaka 75 alisafiri mpaka Iran na jirani zake kutazama wafanyakazi wa mafuta waliokuwa wanauawa na joto. Aliporudi Oxford alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa mwezi wa tatu 1936. Kanari zake zilibaki mu migodi ya Uingereza miaka 50 ingine. Mu 1986 njo wachimbaji waliambiwa kwamba mashini itatwaa fasi ya ndege. Wengine walihuzunika, sababu walikuwa wamezoea kusema na yule ndege wakiwa ku kazi.