Ernest Hemingway na Kanuni za Uvuvi

Ndugu askari mlioko Bwesumbu mnawafahamu wavuvi wa Katwe, ambao uvuvi ndio riziki yao. Ernest Hemingway, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alivua ili kuzipima nguvu zake.

Alizaliwa mwaka 1899. Mwaka 1918 alijeruhiwa vitani nchini Italia, akiwa dereva wa gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Mwaka 1934 alivua katika bahari ya Malindi, na mwaka 1936 akawa rais wa kwanza wa chama cha wavuvi wa Visiwa vya Bahama.

Siku hizo hazikuwapo kanuni moja, na kila mvuvi aliweza kujitangazia ushindi. Mwenzake, Michael Lerner, akaongoza kuundwa kwa chama cha kimataifa mwaka 1939. Kikaagiza kwamba mvuvi apambane na samaki peke yake, wala mwingine asiguse mshipi wake. Hemingway alikuwa makamu wa rais wake tangu mwaka 1940.

Januari 1954 alinusurika katika ajali mbili za ndege humu Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Butiaba. Alifariki mwaka 1961. Kanuni ile ingali inafuatwa, kwani ushindi usio na sheria hauna heshima.