Florence Nightingale: Muuguzi wa Takwimu na Gharama

Florence Nightingale (1820–1910) hufahamika mno kwa taa. Wanafunzi wa uuguzi wa Kilifi na Malindi, sawa na wenzao kwingineko, husimuliwa habari za bibi aliyepita usiku baina ya vitanda vya majeruhi, taa mkononi. Picha hiyo si ya uongo, ila imemdhulumu. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi haikupita wodini bali mezani, penye majedwali ya vifo, hesabu za vitanda na bei za vyakula.

Alizaliwa katika familia ya Kiingereza yenye ukwasi, na baba yake ndiye aliyemsomesha. Mwaka 1845 alipoomba kwenda kujifunza uuguzi, wazazi walikataa katakata, kwani kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya watu duni. Mwaka uliofuata, wakati Krapf na Rebmann walipokuwa wakiweka makao Rabai, yeye alikuwa akisoma kwa siri taarifa za serikali kuhusu afya na hospitali. Alipata mafunzo mafupi huko Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, na mwaka 1853 akakabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Humo alianza kwa kukagua daftari za matumizi. Hata jamu aliamuru ipikwe humohumo badala ya kununuliwa, naye akaandika tofauti ya bei.

Mnamo Novemba 1854 aliwasili Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Vita vya Crimea. Alitafuta shuka, sabuni na chakula, akasimamia jiko na ufuaji. Hata hivyo, vifo viliongezeka. Februari 1855, wagonjwa wapatao 42 katika kila 100 walifariki, wengi wao kwa kuhara na homa wala si kwa majeraha. Machi ilifika tume ya usafi kutoka Uingereza. Mifereji ya maji taka ikazibuliwa, mizoga ikaondolewa kwenye njia za maji, kuta zikapakwa chokaa. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 2 katika kila 100.

Aliporejea kwao mwaka 1856, Nightingale aliamini kuwa askari waliuawa na njaa, baridi na uchovu, na kwamba walifikishwa hospitalini wakiwa wamekwisha dhoofu. Aliketi na mwanatakwimu William Farr kuzichambua takwimu za jeshi. Hesabu zilisema vingine: hospitali yenyewe ndiyo iliyoua, na Scutari, aliyoitumikia kwa moyo wote, ilikuwa miongoni mwa zilizoua zaidi. Wako wanahistoria wanaohusisha ugunduzi huo na maradhi yaliyomlaza mwaka 1857, na wako wanaoyataja maradhi ya kuambukizwa vitani. Lililo dhahiri ni kwamba hakuzificha takwimu hizo. Alizichora kwa michoro ya duara yenye rangi ili hata waziri asiyependa tarakimu aone, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingia Chama cha Takwimu cha London.

Tangu hapo aliandika akiwa kitandani. Alipendekeza hospitali zote zitumie fomu za aina moja za kuorodhesha magonjwa, gharama na matokeo ya tiba. Mwaka 1860 shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas'. Mintarafu maskini wa London, alidai kwamba mgonjwa fukara ni mgonjwa kwanza, na kwamba mitaa yote, ya matajiri na ya masikini, ichangie mfuko mmoja wa kumtibu. Sheria ya mwaka 1867 ilichukua sehemu tu ya hoja hiyo. Suala lenyewe wakazi wa Barani wanalijua: nani alipe? Mwaka 2004 Kenya ilishusha ada za zahanati na vituo vya afya hadi shilingi 10 na 20, na mwaka 2013 ikazifuta; katikati ya miaka hiyo watafiti walikuwa wakichunguza ni vituo vipi vinavyoifuata sera hiyo na ni vipi vinavyotoza zaidi.

Kazi yake juu ya uzazi haitajwi sana, nayo pengine ndiyo ya kijasiri kuliko zote. Wodi ya kufundishia wakunga aliyoifadhili ilifungwa mwaka 1867 baada ya homa ya uzazi kuwaua akina mama. Alikusanya takwimu, na katika kitabu chake cha mwaka 1871 akaonyesha kuwa wanawake waliojifungulia nyumbani walinusurika zaidi kuliko waliojifungulia katika hospitali za wakati ule. Ili kusema hivyo ni lazima kuwahesabu pia wasiofika hospitali. Ndivyo ilivyofanyika Kilifi tangu mwaka 2000, kituo cha utafiti cha KEMRI kilipoanza kuandikisha kaya, vizazi na vifo katika eneo la kilomita za mraba 891.

Mwaka 1891 alijaribu kuanzisha uprofesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Oxford; mpango huo haukufaulu. Baadaye alipofuka. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, na jamaa zake wakakataa azikwe Westminster Abbey. Kaburi lake liko East Wellow, nalo lina herufi za kwanza za jina lake na tarehe mbili.